Kibet Amekunywa Maziwa ya Mashine

Mama Kibet,

Nimechoka, kwa hivyo usitegemee barua tamu. Tangu asubuhi nimeosha mashine ya krimu na mikebe yake, mgongo unaniuma, na mtoto wako amelala usingizi wa mchana juu ya mguu wangu mpaka umekufa ganzi. Nikimsogeza ataamka, na akiamka sitaandika tena. Basi naandika hivi hivi, nimejipinda.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombana nayo na kuchekea nayo wewe na mimi. Kinandi chako nilikuwa naelewa matusi na majina ya ng'ombe tu. Kimaragoli changu ulisema ni kama mtu anaongea na ugali moto mdomoni. Kusoma hukujua, na hata ungejua, sasa uko pale juu ya mto, chini ya udongo ambao mvua hii imeushusha mpaka nimeenda mara nyingi kuuongeza kwa jembe. Lakini nina neno la kukwambia na hapa kambini sina wa kumwambia. Neno lenyewe ni hili: kile kiapo chako nimekivunja.

Unakijua. Ulikuwa umelala kwa ule ukuta wa jikoni, kichomi kimekubana, kila ukivuta pumzi unakunja uso. Ukanishika mkono. Ukasema, "Rasoa, mtoto wangu asinywe maziwa ya mashine. Mpaka baba yake arudi. Apa." Mimi nikaapa. Ningefanya nini? Mtu anakufa mbele yako, unaapa. Na haki ya Mungu wakati ule niliapa kwa moyo wote, kwa sababu hata mimi hayo maziwa nilikuwa nayacheka.

Si sisi sote tulikuwa tunayacheka? Ng'ombe wa Kaburu mwenye shamba wanakamuliwa, maziwa yanapita kwa mashine, krimu inatokea upande huu na kwenda mjini kwa lori, na yale yanayobaki, meupe na mepesi, yanamwagwa kwa hori la nguruwe. Kazi ya kumwaga ni yangu. Nimewamwagia nguruwe wa Kaburu maziwa miaka yote hii mpaka wananijua kwa hatua zangu. Halafu akatangaza ati skwota yeyote anayekaa shambani kwake na ana mtoto aje na mkebe achukue ya mashine bure. Hakuna aliyekwenda. Yule mama Mteso aliyekwenda, kambi nzima ilimwita Mama Nguruwe mpaka akahama. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwita, na wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Lakini kwako haikuwa kicheko tu. Kwako ilikuwa jeraha. Ulikuwa na ng'ombe zako, zile za baba Kibet, wakati skwota bado anaruhusiwa kuchunga. Kila mtu kambini alijua kibuyu chako. Uliniletea mursik, yale maziwa yenu ya kuganda, ukisema mtu wa Maragoli hawezi kujua utamu wake, kisha ukakasirika nilipomaliza yote. Kibet alikuwa anakunywa asubuhi, mchana na jioni, na mashavu yake yanang'aa. Halafu Kaburu akasema ng'ombe za skwota zinamaliza nyasi na kuleta ugonjwa, zitoke. Baba Kibet tayari yuko Burma na jeshi la Keya, anapigana vita ya wazungu, na wewe peke yako na fimbo ukaziswaga mpaka kwa shemeji yako. Uliporudi hukulia. Ulisema tu, "Amechukua maziwa yangu, sasa anataka kunipa maji ya nguruwe yake."

Kwa hivyo najua ulichonishikia mkono. Haikuwa ujinga. Ulikuwa umebaki na kitu kimoja tu cha kumkatalia yule mtu, na ukakikataa.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako, na unisikilize mpaka mwisho, usinikatize kama kawaida yako.

Watu wa bwana yako walikuja kukuzika. Nyanya ya Kibet ameshikwa na macho, haoni vizuri, na mtoto wa miaka miwili anakimbilia moto na mto. Wakasema, wewe Rasoa ulikuwa kama dada yake, kaa na mtoto mpaka baba yake arudi. Na ng'ombe zenu, yule shemeji alisema zilikauka na nyingine zilikufa. Sikumwamini, lakini ningemfuata na nini?

Basi nikamlisha Kibet vile sisi tunavyokula. Posho ni unga mweupe wa mahindi na chumvi, unajua. Asubuhi uji. Mchana ugali, na mboga kama nimepata nafasi ya kuchuma. Jioni ugali. Katikati nampa chai ya rangi yenye sukari, kwa sababu alikuwa anaipenda na inamnyamazisha nikiwa kazini. Mwanzoni aliukataa ugali. Aliutema, akautazama, akatazama mlango kama anakungojea wewe na kibuyu. Nikamlazimisha. Nilifurahi alipozoea. Nilikuwa nalijaza tumbo lake mpaka limekaza, nikifikiri kazi imekwisha.

Na akanona! Woi, Mama Kibet, alivyonona. Uso ukawa mviringo, mashavu yakajaa, miguu ikawa mizito na laini. Wanawake kisimani wakaniambia, "Rasoa, unajua kulea, huyu Mnandi wako ameiva." Nilijisikia vizuri sana. Nikaja pale kwako juu ya mto nikakwambia, mtoto wako ananona. Labda ulisikia, labda ulikuwa unajua na huna njia ya kuniambia.

Hakuwa ananona. Alikuwa anavimba.

Nilijua siku nilipombonyeza mguu nikimtoa mwiba. Kidole changu kikaacha shimo pale, shimo lisilorudi. Nikabonyeza tena kando yake, shimo jingine. Nikakaa chini na ule mwiba mkononi. Kwa sababu miguu ile nilishaiona. Ile miguu ilikuwa ya mtoto wangu wa pili, Kisia, yule aliyekufa na ambaye sikuwahi kukuhadithia vizuri. Kwetu walisema Kisia ameharibiwa na mimba yangu iliyofuata, kwamba nilimnyonyesha na mwingine yuko tumboni. Wakaniacha nilie na lawama yangu. Lakini Kibet, nani ana mimba? Mama yake amekufa. Hakuna mimba ya kusingizia.

Kisha nikaanza kuona mambo ambayo kumbe yalikuwa pale wakati wote. Nywele zimekuwa nyepesi, rangi ya nyasi kavu. Ngozi ya mapaja inabanduka. Na kimya! Wewe unamjua Kibet, mtoto wa makelele, anayepiga sufuria mpaka nyapara anakuja kuuliza. Sasa unamweka hapa, unamkuta hapo hapo. Alikuwa ameacha kutembea na mimi nilifikiri ni uvivu wa mtoto mnene. Hata kulia halii. Anatazama tu, amekunja uso kama mzee aliyekosewa.

Nikaomba ruhusa, nikanyimwa. Nikaomba tena kwa mke wa Kaburu, akasema panda lori ya krimu. Basi tukaenda mjini Sikisti Foo, mimi na mtoto wako mgongoni, tumekaa katikati ya mikebe iliyojaa krimu mpaka kwa shingo. Barabara ilikuwa tope tupu kutoka huku kwetu njia ya Turbo, lori inateleza, mikebe inagongana, na mimi nimemkumbatia Kibet asibanwe na krimu. Nilicheka, wacha nikuambie ukweli. Ilikuwa kicheko kibaya, dereva akageuka kunitazama.

Hospitalini tulingoja mpaka jua likapinduka. Dresa anayetibu pale hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alimtazama tu macho na nywele, akabonyeza mguu vile nilivyobonyeza, akaniuliza anakula nini. Nikamwambia, anakula sana, anashiba. Akasema wanashiba wote, mama, wote wanaoletwa hapa wameshiba uji. Akaniambia uji na ugali ni wa nguvu ya kukimbia, lakini mtoto anajengwa mwili, na mwili unajengwa kwa maziwa, maharagwe, mayai, samaki, nyama, njugu. Akasema mtoto mdogo tumbo lake ni dogo, ukilijaza ugali hakuna pahali pa hivyo vingine kukaa. Nimlishe kidogo kidogo, mara nyingi. Na chai ya rangi niache, inamdanganya njaa.

Nikamwambia, maziwa sina. Akauliza unakaa wapi. Nikamwambia kwa shamba la Kaburu, naosha mashine ya krimu. Akaniangalia. Kwa jina la Mungu, Mama Kibet, nilitaka ardhi inimeze.

Nikasema, yale ya mashine tunaacha, yametolewa kila kitu, ni ya nguruwe. Akasema yametolewa mafuta tu. Kile kinachojenga mtoto kimebaki mle mle. Ndiyo maana nguruwe wa wazungu wananenepa, akasema, na akaita mtu mwingine.

Njia yote ya kurudi nilikuwa nagombana na wewe. Nilikwambia, wewe na kiburi chako. Nikakwambia, ulipoapisha watu ungeacha na ng'ombe. Nikakwambia maneno mengine ambayo siyaandiki. Halafu nikakuomba msamaha, halafu nikaanza tena. Mtoto alikuwa mzito mgongoni, uzito wa maji, na nilikuwa nauhisi kila lori inaporuka.

Nilijaribu kwanza kukwepa, usidhani nilikimbilia mashine. Nilipika maharagwe, nikayaponda, nikatoa maganda. Nikapata mayai kwa mama wa kambi ya chini, yule mzee wa kanisa, akanipa huku akinionya kwamba mtoto akila yai hataongea. Nikamwambia huyu tayari haongei. Kisha nikatafuta maziwa ya kweli kila mahali, kwa wenzako upande wa Sugoi, na watu walinionea huruma, wakanijazia kikombe cha siku moja. Siku moja! Mtoto hali siku moja. Ng'ombe wenyewe wachache, na wao wana watoto.

Kibet alikuwa anakula kijiko, anafunga mdomo. Akawa baridi mikono.

Basi asubuhi moja nilisimama mbele ya hori na debe langu, nguruwe wanapiga kelele, na sikumwaga. Nilijaza mkebe kwanza. Nyapara akaniona. Akasema kwa sauti ya shamba nzima, "Hata wewe, Mama Nguruwe?" Wakamuaji wakacheka. Mimi, ambaye jina hilo nilisaidia kulitunga. Nikafunika mkebe kwa leso yangu nikaenda, na uso wangu ulikuwa moto njia nzima.

Niliyachemsha. Nikayaacha yapoe. Nikamkalisha Kibet magotini, nikageuza mgongo wangu upande wa mto, kule uliko, kama vile ungeweza kuona. Utu uzima gani huo? Nikampa kijiko. Akatapika. Nikangoja, nikampa nusu ya kijiko. Hiyo ikakaa. Tulikwenda hivyo, nusu kijiko, nusu kijiko, mimi nimechelewa kazini na nyapara anaita, na sikusikia.

Ungedhani akanywa akapona. La! Sikiliza kilichonipata. Baada ya kunywa kwa muda, akaanza kukojoa, anakojoa mpaka nguo hazitoshi, na uvimbe ukashuka. Ukashuka wote. Na chini ya ule uvimbe hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mifupa. Mbavu, Mama Kibet, na mikono kama ya kuku aliyenyonyolewa. Yale mashavu niliyosifiwa yakaenda, nikabaki na uso wa mzee mdogo mwenye macho makubwa.

Hapo kambi ikageuka. Walionisifu kwa mtoto mnene wakaona mtoto wa mifupa na mkebe wa mashine mlangoni, wakajumlisha. Walisema nimemuua. Walisema mama yake amekasirika, kwa sababu wengine walikuwepo ukiniapisha, walisikia. Yule mzee wa kanisa aliyenipa mayai alikuja kuniombea, na katika maombi yake akamwomba Mungu anisamehe kwa kuvunja neno la marehemu. Niliitikia amina.

Na mimi mwenyewe niliogopa. Hilo sijamwambia mtu. Mimi ni mtu wa misheni, nimebatizwa, tunafundishwa marehemu wamepumzika. Lakini nilikuwa naamka nikifikiri, labda ni yeye. Labda anamchukua, kwa sababu aliniambia mpaka baba yake arudi, na mimi nimemnywesha na nguruwe. Kuna asubuhi nilimwaga ule mkebe nje, kwa nyasi. Nikayatazama maziwa yakinywewa na udongo. Halafu Kibet, pale mlangoni, akanyoosha mkono kuelekea yale maziwa. Hakulia, alinyoosha mkono tu. Nikakimbia kurudi kwa mashine kwa miguu mitupu, nikajaza mwingine, na tangu siku hiyo sijamwaga tena.

Nilirudi kwa dresa. Akacheka, akasema hivyo ndivyo inavyokuwa, maji yanatoka kwanza, nyama inakuja nyuma. Endelea. Neno moja tu, endelea, nikaliweka kifuani nikarudi nalo.

Sasa anakula hivi: asubuhi uji, lakini nimeutia maziwa ya mashine na njugu nilizosaga. Jua likipanda, kikombe. Mchana ugali kidogo, maharagwe ya kuponda, na majani ya kunde niliyoyapika mpaka yamelainika. Omena nikipata mtu aliyetoka sokoni, nazikausha, nazitwanga, natia kwa mboga. Alasiri, yai au ndizi. Jioni tena kidogo. Inachosha, usione naandika upesi. Mtoto wa kumlisha mara nyingi hivyo, na kazi ya Kaburu, na kuni, na maji. Kuna siku nalala na sufuria haijaoshwa. Kuna siku nakuchukia kidogo kwa kufa.

Na leo. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Leo nimechelewa kumpa kikombe chake, mashine ilikuwa imeziba. Nimeingia nyumbani, mtoto wako amesimama kwa miguu yake, ameshika nguzo, na amelia. Amelia kwa hasira, Mama Kibet! Amepiga mguu chini. Nilipoinama kumchukua akaniuma bega, meno yote, na akapiga kelele mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kuniuliza kwani namchinja. Nilikaa chini nikamwacha alie. Nililia na yeye. Yule mama alitutazama sisi wawili, akaenda zake. Baadaye akarudi na mkebe mtupu, akausimamisha mlangoni kwangu. Ana mtoto mnene, yule. Kesho nitamjazia.

Kuna habari kwamba Keya wanaanza kurudishwa. Baba Kibet akija, watu wa kambi watamwambia kabla yangu, na sitaki. Nitamwambia mimi. Nitasimama mbele yake nimwambie, mke wako aliniapisha na sikutii, na mtoto ndiye huyu. Akinipiga, anipige. Akimchukua aende naye kwa watu wake, nitamfungia nguo zake na nitamwonyesha namna ya kuponda maharagwe, na nitabaki na nyumba kimya. Sijui nitafanya nini na mikono yangu. Lakini hayo ni ya siku hiyo.

Nikuage sasa, mguu huu hausikii tena. Sikuombi msamaha, kwa sababu kesho nitayachota tena, na kesho kutwa. Ninachokuahidi ni hiki: mtoto wako hatakosa kikombe maadamu mikono yangu inafanya kazi, na sitamficha mtu yeyote kilichomo ndani yake. Kama una hasira, na najua unayo, nakujua wewe, basi njoo kwangu. Niumize mgongo, nivunje mguu, nisumbue usingizini. Mimi ndiye niliyeapa.

Kibet mwache. Bado anakula.

Rasoa wako